Jengo kubwa kuliko yote duniani ni lipi hasa? Kila orodha inataja lake

#1 Kichuguu
Wakuu, salaam. Kwa urefu hakuna ubishi: Burj Khalifa, mita 828, imekaa namba moja tangu 2010. Lakini nikitafuta jengo KUBWA kuliko yote, kila ninapogusa napewa jina jipya. Huku naambiwa kiwanda cha Boeing kule Everett, Marekani. Kule soko la maua la Aalsmeer, Uholanzi. Mwingine anakuja na Bunge la Romania. Haiwezekani wote wawe wa kwanza.

Msimamo wangu ni huu: kipimo cha haki ni eneo la sakafu, yaani unajumlisha kila ghorofa ambayo mtu anaweza kusimama. Kwa kipimo hicho mshindi ni New Century Global Center ya Chengdu, China, iliyofunguliwa 2013. Ina takriban mita za mraba milioni 1.7. Upana mita 400, urefu wa ardhini mita 500, kimo mita 100. Ndani kuna ofisi, hoteli, maduka, na bwawa lenye ufukwe wa kutengenezwa. Mwenye jengo lingine alete namba.

#2 Binti Ramani
Mleta mada, hao wote ni wa kwanza kweli, ila kila mmoja kwenye mizani yake. Boeing Everett anaongoza kwa ujazo: zaidi ya mita za ujazo milioni 13. Bunge la Romania linaongoza kwa uzito, zaidi ya tani milioni 4. Aalsmeer limepata sifa kwa ardhi linayofunika, mita za mraba 518,000 hivi. Ukiyapeleka yote kwenye mizani ya sakafu yanapangika upya kabisa. Bunge la Romania kwa mfano lina sakafu ya mita za mraba 365,000 tu, yaani haligusi hata robo ya Chengdu.

#3 Nahodha wa Nchi Kavu
Na hiyo Burj Khalifa sakafu zake ni ngapi? Kwa kimo kile nadhani iko kumi bora.

#4 Binti Ramani
Nahodha, hata karibu. Burj Khalifa ina takriban mita za mraba 309,000. Linganisha na Merchandise Mart ya Chicago, jengo la 1930, ghorofa 25 tu: karibu 372,000. Babu wa mwaka 1930 anamzidi kijana wa mita 828. Pentagon yenyewe, makao makuu ya jeshi la Marekani, ina ghorofa tano juu ya ardhi na iko kwenye 600,000 na kitu.

Minara mirefu inachongoka kadiri inavyopanda, na kila ghorofa inakatwa sehemu kwa ajili ya lifti, ngazi na mabomba. Ukitaka sakafu nyingi, jenga nene. Usijenge refu.

#5 Fundi Rula
Kichuguu, unaita Chengdu mshindi kana kwamba kesi imefungwa. Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dubai, iliyofunguliwa Oktoba 2008, ina takriban milioni 1.71. Hiyo namba ya Chengdu mara inaandikwa milioni 1.7, mara 1.76. Ukichukua ya kwanza, Dubai yuko mbele. Ukichukua ya pili, Chengdu yuko mbele. Ushindi wako unakaa ndani ya tofauti ya kukadiria.

#6 Kichuguu
Fundi, Dubai ile sehemu kubwa iko chini ya ardhi na imeunganishwa na majengo kadhaa ya kupandia ndege. Chengdu ni kitu kimoja unachokiona kwa macho, kina kuta nne na paa. Sasa uamuzi uko wapi hapo?

#7 Mama Vipimo
Habari zenu. Kazi yangu ni kukadiria majenzi, kwa hiyo niruhusuni niingie hapa kwenye mfupa wa jambo.

"Eneo la sakafu" si kipimo kimoja. Ukipima kutoka uso wa nje wa kuta unapata namba moja. Ukipima kutoka uso wa ndani unapata ndogo zaidi, maana unene wa kuta umeondoka. Ukipima nafasi inayoweza kupangishwa tu, unaondoa korido, ngazi, vyoo vya umma na vyumba vya mitambo, na namba inaporomoka. Dubai Mall ni mfano mzuri: jumla yake inazidi mita za mraba 500,000, lakini ya kupangishwa ni takriban 350,000. Jengo ni lile lile. Mwenye jengo akiwa anajisifu anataja ya kwanza, mpangaji akiwa anajadili kodi anadai ya pili.

Halafu kuna maegesho. Majengo ya maduka yana ghorofa nzima nzima za magari chini. Wapo wanaozijumlisha, wapo wanaoziacha. Ukikuta orodha isiyosema imefuata njia ipi, usiweke jengo la nne na la tano kwa mpangilio huo ukadhani umejua jambo.

Mwaka 2014 zilitolewa kanuni za kimataifa za kupima ofisi, zinaitwa kwa kifupi IPMS, kwa sababu hiyo hiyo: kila nchi ilikuwa inapima kwa mazoea yake. Kwa upande wa urefu wa majengo lipo baraza la kimataifa la majengo marefu, lililojulikana kwa kifupi kama CTBUH, linaloamua, na kanuni zake zinajulikana. Kwa upande wa sakafu hakuna mwamuzi wa namna hiyo anayetoa medali.

#8 Usiku Mwema
Mama Vipimo, uzi ungeanza na wewe tungelala mapema. Asante.

#9 Kichuguu
Nimekusoma Mama Vipimo. Ila maegesho ni sakafu. Zege lipo, nguzo zipo, mtu anasimama. Kwa nini yaachwe?

#10 Mama Vipimo
Kichuguu, kwa gharama za ujenzi mimi ninayahesabu, maana zege lake linalipiwa. Kwa matumizi siyahesabu, maana hakuna mtu anayefanya kazi wala kulala humo. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa swali lake. Wewe unauliza lipi?

#11 Mzee wa Zege
Mnabishana sakafu, mimi swali langu ni neno "jengo". Nieleze kidogo.

Zege linatanuka likipata joto na kusinyaa likipoa. Kwa kila nyuzi moja ya joto linabadilika kama sehemu kumi kwa milioni ya urefu wake. Inaonekana ndogo. Sasa chukua jengo la mita 500 na badiliko la nyuzi 30: sentimita 15! Ukilimwaga kama kipande kimoja, kuta zitapasuka na nguzo za pembeni zitasukumwa. Kwa hiyo wahandisi wanalikata. Wanaacha nafasi kutoka msingi hadi paa, wanaweka nguzo mbili mbili kila upande, wanafunika kwa bamba ili anayepita asione. Vinaitwa viungo vya kutanuka.

Maana yake ni kwamba kwa jicho la mhandisi, jengo refu la namna hii ni majengo kadhaa yaliyosimama bega kwa bega yakavaa koti moja. Pentagon ina viungo hivi pia. Siku ya shambulio la Septemba 2001, sehemu iliyoporomoka upande mmoja iliishia kwenye kiungo. Ng'ambo ya kiungo jengo lilibaki limesimama.

Kwa hiyo mkiniambia "jengo moja lenye milioni 1.7", mimi nauliza: moja kwa nani?

#12 Binti Ramani
Mzee, heshima kwako, lakini kwa kanuni hiyo hata jengo la kawaida la ofisi linakuwa mawili. Tutabaki bila majengo makubwa kabisa. Mimi natumia kanuni nyepesi: naweza kutoka pembe moja hadi nyingine bila kutoka chini ya paa na bila kupita barabara ya umma? Basi ni moja.

#13 Fundi Rula
Binti, kanuni yako inazaa mengine. Abraj Al-Bait ya Makka ni minara saba juu ya kitako kimoja, jumla takriban milioni 1.57. Moja au saba? Surat Diamond Bourse ya India, iliyozinduliwa Desemba 2023, ni majengo tisa ya ghorofa 15 yaliyounganishwa na uti wa mgongo mmoja, karibu mita za mraba 660,000. Linatajwa kuwa limeivua Pentagon taji la ofisi kubwa kuliko zote, taji lililokaa Marekani miaka 80. Na Terminal 3 ya Beijing ina takriban 986,000, lakini abiria anapanda treni kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kama treni inahitajika ndani ya "jengo moja", mimi naanza kutilia shaka.

#14 Nahodha wa Nchi Kavu
Kwa kanuni ya Fundi, jengo ni moja kama mtu anaweza kulitembea bila kukaa chini kupumzika 😄

#15 Ufagio wa Alfajiri
Nahodha umechekesha ila mimi nimeyaishi hayo. Nimefanya usafi katika jengo la abiria la uwanja mmoja mkubwa wa ndege, jina naliacha. Ramani ya wasimamizi iligawa jengo kwa maeneo, na kila eneo lilikuwa na stoo yake ya maji na dawa, maana ukisahau kitambaa upande wa pili umepoteza nusu saa ya kazi. Kipindi fulani walibana matumizi wakaunganisha stoo mbili kuwa moja. Wote tukaanza kuchelewa, lawama zikatuangukia sisi. Hakuna aliyekwenda kupima umbali kati ya stoo na vyoo tulivyopaswa kusafisha.

Kwa hiyo mimi nikisikia milioni 1.7 siwazii medali. Nawazia nani anapiga deki.

#16 Mama Vipimo
Ufagio, umesema jambo ambalo wachoraji wengi hawaliweki kwenye ramani. Gharama za kulihudumia jengo hufuata eneo la sakafu miaka yote ya uhai wake. Kujenga ni mara moja.

#17 Msomaji wa Mwezi
Naomba kuuliza kingine. Kwa nini hasa watu wanajenga vitu vikubwa hivi? Si wangejenga kumi ya wastani?

#18 Binti Ramani
Hoja ya kwanza ni kazi yenyewe. Aalsmeer ni mfano ninaoupenda. Maua yanafika usiku, yanapangwa kwenye vitoroli, yananadiwa asubuhi kwa saa inayoshuka bei badala ya kupanda: wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Kisha vitoroli vinakimbizwa kwa wanunuzi kabla ua halijanyauka. Ukigawa soko hilo kwenye majengo kumi, kila toroli litapakiwa na kupakuliwa mara mbili, na dakika hizo ndizo uhai wa ua. Ndiyo maana limetandazwa chini ya paa moja.

#19 Fundi Rula
Kwa viwanja vya ndege jibu ni mabawa. Ndege kama A380 ina upana wa karibu mita 80 kutoka bawa hadi bawa. Kila mlango wa kupandia unahitaji nafasi hiyo nje, na jengo linafuata. Ukitaka ndege ishirini za aina hiyo ziegeshwe kwa mpigo, urefu wa kuta umeshaamuliwa kabla msanifu hajashika kalamu. Dubai walijenga sehemu nzima kwa ajili ya A380, ikafunguliwa 2013.

#20 Mzee wa Zege
Na wakati mwingine ni uhaba. Pentagon ilianza kujengwa Septemba 1941, ikazinduliwa Januari 1943, miezi 16 tu. Chuma kilihitajika kwa meli na vifaru. Wakaamua kujenga chini na kwa upana, zege kwa wingi, mchanga wake ukachotwa mto Potomac. Badala ya lifti za abiria wakaweka njia za mteremko. Korido zake kwa jumla ni kama kilomita 28. Unene ule ulitokana na vita, si urembo.

#21 Kijiti cha Tatu
Mnawapamba sana. Mengi ni kiburi tu. Ceaușescu, mtawala wa Romania, alianza jumba lake Bucharest mwaka 1984, ndilo hilo mnaloliita Bunge, mitaa mizima ikabomolewa, na hakuishi kuliona limekamilika: aliuawa Desemba 1989. Sababu ya kibiashara iko wapi? Chukua tena South China Mall ya Dongguan, iliyofunguliwa 2005. Kwa nafasi ya kupangisha ilikuwa kubwa kuliko zote duniani, zaidi ya 650,000, ikakaa miaka karibu tupu kabisa. Sakafu zote hizo bila wapangaji! Na pale Makka, ngome ya Ajyad ya enzi za Waturuki wa Osmani ilibomolewa 2002 kupisha minara. Ukubwa una bei ambayo haiandikwi kwenye orodha.

#22 Binti Ramani
Kijiti, Dongguan haikushindwa kwa kuwa kubwa, ilishindwa kwa mahali ilipowekwa. Mbali na vituo vikuu vya usafiri. Ingekuwa nusu ya ukubwa bado ingekuwa tupu. Na Makka huwezi kuiita kiburi mtupu: mahujaji ni mamilioni na kila mmoja anataka kulala karibu na msikiti.

#23 Kijiti cha Tatu
Mahujaji wanahitaji vitanda, sawa. Saa ya juu ya mnara wa pale, yenye uso wa kipenyo cha mita 43, inahitajiwa na nani?

#24 Msomaji wa Mwezi
Hapo Kijiti kapiga penyewe 😄

#25 Ving'ora
Nisaidie upande wa moto, maana hapa ndipo ukubwa unapouma. Kanuni za usalama hazijali milioni ngapi. Zinaangalia umbali kutoka aliposimama mtu hadi mlango wa kutokea. Jengo nene lina watu katikati ambao kuta za nje ziko mbali nao sana. Kwa hiyo linagawanywa kwa kuta na milango inayozuia moto, ngazi zinazolindwa zinazama hadi katikati ya jengo, na moshi unavutwa na mashine. Katika jengo la wastani unawaambia watu "tokeni nje". Katika jengo la namna hii mara nyingi unawaambia wahamie sehemu ya jirani iliyo salama, kwa sababu nje ni mbali.

Niliwahi kusimamia zoezi la kuhamisha watu kwenye jengo moja kubwa la maduka. Wengi walirudi kwenye mlango walioingilia, wakipita milango ya dharura iliyo wazi pembeni yao. Kadiri jengo linavyokuwa kubwa ndivyo mlango ule unavyokuwa mbali zaidi. Ningepewa sauti, alama za kutokea zingewekwa chini karibu na sakafu, maana moshi hupanda.

#26 Mzee wa Zege
Ving'ora umeniunga mkono bila kutaka. Kwa moto pia ni majengo mengi ndani ya koti moja.

#27 Ving'ora
Kwa moto ndiyo, Mzee. Ila mfumo wa kengele ni mmoja na chumba cha udhibiti ni kimoja. Kwa hiyo naliita moja.

#28 Nahodha wa Nchi Kavu
Turudi kwenye ujazo kidogo. Mbona tunaupuuza? Ukubwa ni nafasi, na nafasi ni ujazo.

#29 Binti Ramani
Kwa sababu ujazo unaheshimu utupu. Kabati lisilo na rafu na kabati lenye rafu kumi yana ujazo sawa, lakini nguo zinapangwa kwenye rafu. Angalia banda la CargoLifter kule Ujerumani: mita 360 kwa 210, kimo 107, zaidi ya mita za ujazo milioni 5. Lilijengwa kwa ajili ya ndege-puto kubwa, kampuni ikafilisika 2002, na tangu Desemba 2004 ni bustani ya kuogelea inayoitwa Tropical Islands. Sakafu ya banda ni elfu sabini hivi tu. Kwenye orodha ya Kichuguu haliingii hata mia bora.

#30 Kichuguu
Na ndiyo maana nilichagua sakafu tangu mwanzo.

#31 Mama Vipimo
Kichuguu, basi twende na sakafu yako tuipime. Chengdu: 500 kwa 400 ni mita za mraba 200,000 kwa ghorofa moja kama ingejaa. Gawanya milioni 1.7 kwa 200,000. Unapata ghorofa nane na nusu. Lakini jengo lina kimo cha mita 100 na ghorofa 18 juu ya ardhi, achilia mbali zilizo chini. Maana yake nusu au zaidi ya umbo lile ni hewa: ukumbi wa katikati, paa la bwawa, nafasi zilizo wazi. Ukumbi wa kimo chote unahesabiwa sakafu mara moja tu, pale chini. Kwa hiyo picha ya nje inakuonyesha jengo kubwa kuliko sakafu inayolipiwa.

#32 Fundi Rula
Hesabu safi. Nimeifanya kwa Mukaab pia, ule mchemraba uliotangazwa Riyadh Februari 2023. Mita 400 kila upande, sakafu zilizotajwa milioni 2. Ghorofa moja iliyojaa ni 160,000. Milioni 2 kwa 160,000 ni kumi na mbili na nusu. Katika kimo cha mita 400! Lingejengwa kama lilivyotangazwa, lingepita Chengdu kwa sakafu, lakini utajiri wake halisi ungekuwa ujazo: milioni 64, karibu mara tano ya Boeing.

#33 Kijiti cha Tatu
Mradi wa kwenye karatasi tusiupe nafasi kwenye orodha. Majengo ya tangazo hayana sakafu.

#34 Fundi Rula
Sikuliweka kwenye orodha, Kijiti. Nimelipima tu. Ukitaka lililosimama na linalofanya kazi, kiwanda cha Tesla cha Texas kilichofunguliwa Aprili 2022 kina zaidi ya mita za mraba 900,000. Kiwanda kikikaribia milioni kinanishangaza kuliko maduka, maana pale sakafu haibebi watu tu, inabeba mitambo.

#35 Kiti cha Dirishani
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeitaja Istanbul. Uwanja mpya ulizinduliwa Oktoba 2018. Jengo kuu la abiria lina takriban milioni 1.4, na lenyewe halina treni ya kukuvusha kama Beijing. Kwa kanuni ya Binti Ramani ya paa moja, mimi nalipa nafasi ya juu kuliko Dubai.

#36 Binti Ramani
Karibu, Kiti. Kwa kanuni yangu Dubai bado ni kubwa zaidi. Ila kama tunapanga yale ambayo msafiri analiona jengo moja kwa macho, Istanbul naiweka juu, hapo tuko pamoja.

#37 Mzee wa Zege
Istanbul ni nchi ya matetemeko, na huko viungo nilivyovieleza #11 vinakuwa vipana zaidi, kwa sababu vipande jirani vikitikisika vinaweza kugongana. Ila mji huo huo una jibu la namna nyingine: uwanja wake mwingine, Sabiha Gökçen. Jengo la abiria la 2009, karibu mita za mraba 200,000, limekalishwa juu ya vifaa 300 vinavyoteleza, ili ardhi ikitikisika chini, jengo la juu lisogee taratibu. Kwa sakafu halifiki popote kwenye orodha hii. Kwa uhandisi mimi nalitaja kabla ya Chengdu.

#38 Kichuguu
Mzee, hilo naliheshimu, ila swali lilikuwa sakafu. Nabaki na Chengdu mpaka Fundi alete mchanganuo wa Dubai, maegesho pembeni na chini ya ardhi pembeni.

#39 Fundi Rula
Nitauleta, lakini na wewe Chengdu uichanganue hivyo hivyo. Mama Vipimo awe mwamuzi.

#40 Mama Vipimo
Nakubali. Leteni zote mbili zimepimwa kutoka uso wa ndani wa kuta, ghorofa kwa ghorofa. Jumla tupu sitaipokea.